Miguu ya Mgonjwa wa Akili

Mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga haachwi alale atakavyo. Kesho yake tu muuguzi yuko kitandani kwake, anamwinua, anamtaka akanyage chini hata kama anaugulia maumivu. Mara nyingi anadungwa pia sindano tumboni, chini ya ngozi, kila siku, ili damu isigande miguuni. Ndugu wakiuliza sababu wanaelezwa, nao wanaelewa. Sasa vuka uwanja wa hospitali hiyohiyo uingie wodi ya magonjwa ya akili. Kijana yuko kitandani siku ya nne, hali, hanywi, hageuki, sindano za kutuliza zimemlemea. Hapo utasikia watu wakishukuru: "Afadhali leo ametulia." Shuka halijafunuliwa kuitazama miguu yake.

Damu ya miguuni inarudi moyoni kwa kupanda juu, na moyo peke yake hauimudu kazi hiyo. Kinachosaidia ni msuli wa shavu la mguu: kila hatua unaibana mishipa ya ndani na kuisukuma damu juu. Usipotembea, damu inatuama. Mwaka 1856 daktari Mjerumani Rudolf Virchow aliandika kuhusu mabonge ya damu yanayosafiri mwilini, na hadi leo tunafundishwa mambo matatu yanayobeba jina lake: damu kwenda polepole, ukuta wa mshipa kuumia, na damu yenyewe kuwa rahisi kuganda. Bonge likikatika mguuni linapita moyoni na kwenda kuziba mshipa wa mapafu. Likiwa kubwa, mtu anaweza kufa katika muda mfupi sana.

Mgonjwa wa akili aliyelazwa anaweza kuwa na yote matatu kwa mpigo. Wa kwanza wa kuangaliwa ni mwenye katatonia, ile hali ya kuganda mwili mzima, mtu asiseme wala kujigeuza. Halii njaa, haombi maji, kwa hiyo damu inazidi kuwa nzito. Vifo vya wagonjwa wa namna hii kutokana na bonge la mapafu vimeandikwa katika majarida ya tiba, vingi bila dalili ya kutangulia. Kisha kuna anayefungwa kitandani kwa mikanda. Akitulia, damu inatuama. Akipambana, mishipa inaumia. Huko Japani madaktari waliwapima wagonjwa wa akili waliofungwa, na zaidi ya mmoja katika kila kumi alikutwa na bonge la damu mguuni.

Kwetu kufungwa mara nyingi hakuanzii hospitalini. Wapo wanaofikishwa mapokezi baada ya kukaa na kamba au mnyororo nyumbani, kwa mganga, au mahali pa maombi. Hatari inahesabiwa tangu siku ile, si tangu siku faili lilipofunguliwa. Kwa hiyo swali "Amefungwa siku ngapi?" ni la kitabibu, na ndugu asilijibu kwa aibu. Anayeuliza naye asiliulize kwa sauti ya polisi, maana atajibiwa uongo.

Dawa nazo zina sehemu yake. Klopromazini, moja ya dawa za saikosisi, yaani hali ya mtu kupotewa na uhalisia, ilianza kutumika kwa wagonjwa wa akili mwaka 1952, na kabla muongo huo haujaisha madaktari wa Ulaya walikuwa wameanza kuripoti mabonge ya damu kwa wanaoitumia. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2010, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 25,000 wenye mabonge, ulionyesha kuwa watumiaji wa dawa za saikosisi walikuwa na hatari iliyozidi ya wenzao kwa takriban theluthi moja. Kwa walioanza dawa ndani ya miezi mitatu iliyopita, hatari ilikuwa karibu mara mbili. Sababu zinazotajwa ni kadhaa: usingizi mzito, kunenepa, na chembe sahani za damu kushikamana kwa urahisi zaidi.

Kabla hujakimbilia kabati kutupa vidonge vya mgonjwa wako, soma na hii. Utafiti huohuo ulikadiria kuwa katika watu 10,000 wanaotibiwa kwa mwaka mmoja, wanne tu zaidi ndio watakaopata bonge. Saikosisi isiyotibiwa inaumiza watu wengi kuliko hao. Dawa isisimamishwe, mgonjwa ndiye aangaliwe.

Kinachonitia hofu zaidi ni jinsi dalili zinavyosikilizwa. Mtu wa kawaida akisema kifua kinambana, hewa haimtoshi, moyo unamwenda mbio, anakimbizwa kupimwa. Mgonjwa wa akili akisema hayohayo, kwenye faili huandikwa "wasiwasi", na huenda akaongezewa sindano ya kutuliza. Pengine hatayasema kwa lugha hiyo. Atasema mguu umerogwa, au kuna mdudu anatambaa ndani ya paja. Maneno yanaweza kuwa ya ugonjwa na mguu ukawa umevimba kweli.

Kuuchunguza hakuhitaji mashine. Funua miguu yote miwili uilinganishe: upi umevimba, upi una joto, upi unauma ukibonyezwa? Chukua hata futi ya fundi cherehani. Shuka sentimita 10 kutoka kile kinundu cha mfupa kilicho chini ya goti, zungusha, soma. Fanya hivyo mguu wa pili. Tofauti ikizidi sentimita 3, daktari aitwe na ultrasaundi iombwe. Kukosa hewa kwa ghafla, maumivu ya kifua wakati wa kuvuta pumzi, kukohoa damu au kuzirai ni dharura, saa yoyote.

Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2018 unataka kila mgonjwa wa akili anayelazwa apimwe hatari hii mapema. Maswali yake yanaulizika popote: aliwahi kupata bonge? Ana saratani? Ametoka kujifungua? Anatumia vidonge vya majira? Ni mnene sana? Anatembea? Mwenye hatari kubwa, asiye na tatizo la kuvuja damu, anaweza kuandikiwa sindano ya kuzuia damu kuganda, heparini au enoksaparini, baada ya figo kuangaliwa. Wengine wanatoshwa na maji ya kunywa na kutembezwa, na hapo ndugu anayekuja na chakula ana kazi ya maana kuliko kukaa pembeni ya kitanda.

Bonge likishapatikana, daktari anayelitibu aonyeshwe dawa zote za akili, hasa kabamazepini. Dawa hii, inayotumika sana kwa kifafa na kwa wenye hisia zinazopanda na kushuka, inapunguza nguvu ya wafarini na ya rivaroksabani. Mgonjwa atameza dawa ya kuzuia damu kuganda kila siku bila kukosa, na bado asilindwe ipasavyo.