Viti vya Kudumu Katika Baraza la Usalama: Nani Anastahili?

Katika vikundi vya mafunzo ya uraia, kuna swali ambalo hurudi kila mara habari za vita zinapotangazwa redioni: "Huu Umoja wa Mataifa uko wapi? Mbona hauzuii watu wasiuane?" Ni swali la haki. Ili kulijibu ni lazima tukielewe chombo kimoja cha Umoja huo, yaani Baraza la Usalama, na tujue ni nani wanaoketi ndani yake.

Msomaji asidhani haya ni mambo ya mabalozi huko New York tu. Baraza hili likishindwa kuzima moto Somalia au Sudan Kusini, wanaoukimbia moto huo huja Dadaab na Kakuma. Ni Baraza hilohilo lililoidhinisha, tarehe 2 Oktoba 2023, kikosi kilichoongozwa na Kenya kwenda Haiti. Polisi wetu wa kwanza walifika huko Juni 2024. Vijana wa watu walipanda ndege kwa sababu ya mikono iliyoinuliwa ndani ya chumba kimoja. Basi ni vizuri tujue mikono hiyo ni ya nani.

Baraza lilivyoanza

Mkataba wa Umoja wa Mataifa ulitiwa sahihi huko San Francisco, Marekani, mwezi wa Juni 1945. Nchi waanzilishi zilikuwa 51. Kutoka Afrika zilikuwa nne tu: Misri, Ethiopia, Liberia na Afrika Kusini, na hiyo ya mwisho ilikuwa chini ya utawala wa Wazungu wachache. Sisi wa Kenya, pamoja na jirani zetu wa Uganda na Tanganyika, tulikuwa bado chini ya Waingereza. Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo.

Washindi wakubwa wa Vita Vikuu vya Pili walijiwekea viti vya kudumu: Marekani, Uingereza, Ufaransa, China na Muungano wa Kisovieti, ambao kiti chake kilichukuliwa na Urusi mwaka 1991. Viti vingine sita vilikuwa vya kuchaguliwa. Mwaka 1965 hivyo vya kuchaguliwa viliongezwa vikawa kumi, na Baraza zima likawa na wanachama 15. Tangu hapo hakijaongezwa hata kimoja, ingawa leo nchi za Umoja wa Mataifa ni 193, na kati yao 54 ni za Afrika. Afrika ina viti vitatu vya kuchaguliwa na hakuna cha kudumu.

Nchi iliyochaguliwa hukaa miaka miwili, kisha huondoka. Kenya imekaa mara tatu: 1973–1974, 1997–1998 na 2021–2022.

Kura ya turufu ni nini?

Tuseme kijiji kina kamati ya maji yenye watu 15. Watano kati yao ndio waliochimba kisima zamani, na katiba ya kamati yasema hao watano hawatoki kamwe. Zaidi ya hayo, hata watu 14 wakikubaliana kwamba bomba lipelekwe shuleni, mmoja wa wale watano akisema "sitaki", bomba haliendi. Na mkitaka kuibadilisha katiba hiyo, ni lazima yeye mwenyewe akubali. Sasa kijiji kimekua, watoto wa wachimbaji wamezeeka, lakini kamati ni ileile.

Hiyo ndiyo kura ya turufu. Azimio huhitaji kura tisa, na asiwepo mkubwa hata mmoja aliyelipinga. Mambo ya utaratibu wa mkutano peke yake ndiyo hayaguswi na turufu.

Hebu tuangalie mifano. Tarehe 25 Februari 2022 nchi 11, Kenya ikiwa mojawapo, zilipiga kura kuulaumu uvamizi wa Urusi nchini Ukraine. Urusi ikapinga peke yake, na azimio likaanguka. Mshtakiwa alikuwa pia hakimu. Tarehe 8 Desemba 2023 nchi 13 zilitaka mapigano ya Gaza yasimamishwe. Marekani ikapinga, na azimio likaanguka. Hata jirani zetu Watanzania wanaujua uchungu huu. Mwaka 1981 Salim Ahmed Salim aligombea nafasi ya Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, na Marekani ikampinga raundi baada ya raundi mpaka nafasi ikaenda kwa mwingine.

Wanaobisha hodi

Nchi nne zimeungana kudai viti vya kudumu: Ujerumani, Japani, India na Brazil. Kila moja ina hoja yake. Ujerumani na Japani huchangia fedha nyingi. India ina watu wengi kuliko nchi yoyote duniani, na kwa miaka mingi imetoa askari wengi wa kulinda amani. Brazil ndiyo nchi kubwa kuliko zote Amerika ya Kusini.

Lakini tazama nani anayewapinga. India inapingwa na Pakistan. Ujerumani inapingwa na Italia. Brazil inapingwa na Argentina na Mexico. Japani inapingwa na China. Karibu kila mara anayekataa ni mtu wa eneo lao hasa! Anaona kwamba mwenzake akipewa kiti cha milele, yeye atabaki mdogo milele.

Na Afrika je? Mwezi wa Machi 2005 Umoja wa Afrika ulikubaliana juu ya msimamo unaoitwa Makubaliano ya Ezulwini, kwa jina la bonde moja huko Eswatini. Afrika inadai angalau viti viwili vya kudumu vyenye haki zote, pamoja na turufu maadamu turufu ingalipo, na viti vitano vya kuchaguliwa. Septemba 2024 Marekani ilitangaza kwamba inaunga mkono viti viwili vya kudumu vya Afrika, lakini bila turufu.

Swali gumu ni hili: viwe vya nani? Wengi huitaja Nigeria kwa wingi wa watu, Afrika Kusini kwa uchumi wake, na Misri. Hapo ndipo maneno huanza. Kumbuka mwaka 2020: Umoja wa Afrika ulikuwa umeiteua Kenya kugombea kiti cha miaka miwili, lakini Djibouti haikukubali kujitoa. Kenya ilishinda katika raundi ya pili kwa kura 129 dhidi ya 62. Ikiwa kiti cha miaka miwili kilituletea mvutano huo, cha kudumu kitatuletea nini?

Kiti peke yake hakitoshi

Hapa yatupasa tuseme ukweli unaouma. Aprili 1994, mauaji ya kimbari yakiwa yamekwisha kuanza Rwanda, Baraza la Usalama lilikutana kuamua juu ya askari wake wapatao 2,500 waliokuwa huko. Tarehe 21 Aprili liliamua wapunguzwe wabaki 270 hivi. Katika muda wa siku mia moja hivi watu zaidi ya 800,000 waliuawa.

Azimio hilo lilipita bila kupingwa. Na Afrika ilikuwapo mezani: Nigeria, Djibouti, na Rwanda yenyewe, ikiwakilishwa na serikali ileile iliyokuwa ikisimamia mauaji.

Basi tusidanganyane kwamba sura nyeusi katika kiti cha kudumu ni dawa tosha. Rwanda haikukosa mtu wa kusema "hapana". Ilikosa mtu wa kusema "ndiyo, twendeni tukawaokoe".

Basi nani anastahili?

Kwa maoni yangu, Afrika inastahili, na imechelewa kupewa. Baraza hujadili Kongo, Sudan, Somalia na Libya mwaka baada ya mwaka, na fimbo ya mbali haiui nyoka. Lakini nchi itakayokikalia kiti hicho ipimwe kwa mambo matatu, wala si kwa ukubwa tu.

Kwanza, jirani zake waiamini. Nchi inayoogopwa na jirani haiwezi kuwasemea.

Pili, iwe imetumwa. Itoe hesabu kwa Umoja wa Afrika, na ikisema yake binafsi iweze kurudishwa nyumbani na kutumwa nyingine. Kiti kiwe cha Afrika, kisiwe cha rais fulani.

Tatu, iwe inatunza amani kwa matendo, ikianzia na raia wake yenyewe.

Kuhusu turufu, wako wasemao kwamba kiti bila turufu ni kiti cha mguu mmoja. Hoja hiyo ina haki ndani yake: si vizuri wengine wawe wakubwa na wengine wasindikizaji. Hata hivyo, kuwaongeza wenye uwezo wa kuzuia bomba hakuleti maji. Afadhali turufu ipunguzwe kwa wote. Uingereza na Ufaransa hazijaitumia tangu 1989, na hazikupungukiwa na kitu. Mwaka 2015 Ufaransa na Mexico zilipendekeza wakubwa wasiitumie pale watu wanapouawa kwa wingi. Na tangu 2022, kila turufu inapopigwa, Baraza Kuu hukutana ndani ya siku kumi za kazi kulijadili jambo hilo. Ni hatua ndogo, lakini angalau mkubwa analazimika kusikilizwa na dunia nzima.

Mabadiliko yenyewe si rahisi. Yanahitaji theluthi mbili ya nchi zote, yaani 129, kisha yathibitishwe na nchi zipatazo idadi hiyo, zikiwamo zote tano zenye turufu. Lakini mwaka 1965 yaliwezekana, na yanaweza kuwezekana tena.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika kamati zetu za maji, shule au ushirika, je, kuna watu wenye "kura ya turufu"? Waliipata vipi, na ni nani anayewauliza?

2. Kama Afrika ingepewa kiti kimoja tu kesho, mngependa nchi gani ikikalie? Je, jirani zake wangesema nini?

3. Kenya ilikuwa ndani ya Baraza miaka ya 2021 na 2022. Je, kuna yeyote aliyetueleza ilipiga kura vipi kwa jina letu? Tungemwuliza nani?