Mapafu ya pwani kwenye theluji ya Rwenzori

Chukua chupa tupu ya maji, ile ya plastiki laini, upande nayo hadi Ziwa Bujuku katika milima ya Rwenzori, Uganda, karibu mita 3,900 juu ya usawa wa bahari. Ifungue ijae hewa ya huko, kaza kifuniko, kisha rudi nayo Bagamoyo. Ukiitoa begini pale soko la samaki utaikuta imebonyea kama iliyokanyagwa. Hewa nzito ya pwani imeielemea ile hewa nyepesi uliyoifungia ndani.

Watu husema huko juu hakuna oksijeni. Ipo, tena ni asilimia 21 ya hewa, kama ufukweni. Kilichopungua ni mgandamizo: hewa imetawanyika, na kila pumzi huingiza kidogo. Kwenye kilele cha Margherita, mita 5,109, pumzi moja hubeba oksijeni inayozidi kidogo tu nusu ya ile ya Bagamoyo.

Vijinundu vidogo vilivyo shingoni, kando ya mishipa mikubwa ya damu iendayo kichwani, huushtukia upungufu huo na kuuhimiza mwili uheme juu juu. Lakini kuhema sana kunatoa kabonidayoksaidi kupita kiasi, damu inazidi ualkali, na ubongo unaikatiza pumzi. Basi usiku kambini mtu huhema, akanyamaza kimya sekunde kadhaa, kisha akavuta hewa kwa kishindo, huku mwenzake akikesha kumsikiliza kama yu hai. Wasuluhishi ni figo, zinazoitoa alkali ya ziada kwenye mkojo. Kazi hiyo huchukua siku kadhaa, na chembe nyekundu mpya za damu huchukua majuma.

Hapo ndipo vijana wetu hujidanganya. Anayepakua jahazi, maji kiunoni na mzigo begani, ana kifua na misuli ya kutosha, lakini figo hazijui habari za misuli. Mwenye nguvu anaweza hata kuumia kabla ya wenzake, kwa sababu anawahi kufika juu. Waongozaji wa Kilimanjaro na "pole pole" yao wanajua wanachosema. Ukishavuka mita 3,000, usilale zaidi ya mita 500 juu ya ulipolala jana, na kila baada ya siku 3 au 4 pumzika.

Kuanzia mita 2,500 hivi kichwa kinaweza kugonga, chakula kikakataa, usingizi ukaruka. Ukiwa hivyo, usipande zaidi. Anayeyumba kama mlevi au kuzungumza ovyo, ubongo wake unavimba. Anayehema hali amekaa, mapafu yake yanajaa maji. Hao washushwe usiku huohuo, wasingojeshwe kuche. Ipo dawa ya asetazolamidi inayoziharakisha figo, ila muulize daktari kabla ya safari.

Umuulize pia kuhusu selimundu. Pwani yenye malaria ndiko kinasaba chake kilikoenea, kwa kuwa anayebeba kimoja tu hukingwa na malaria kali. Mgonjwa wa selimundu mlima huo haumfai. Mbebaji, ambaye huenda hajawahi kuugua na wala hajijui, kwa kawaida hupanda akashuka salama. Lakini wapo waliopatwa na maumivu makali chini ya mbavu za kushoto, wengu ukiwa umekosa damu. Kipimo cha damu kinatosha kumjulisha.

Rwenzori imejaribiwa tangu zamani. Juni 1889 William Stairs, afisa wa msafara wa mpelelezi Henry Morton Stanley, alijaribu kuipanda, akaishia mita 3,200 hivi. Duki wa Abruzzi, mpanda milima Mwitalia, alipofika vileleni mwaka 1906, barafu ilikuwa na eneo la kilomita za mraba 7 hivi. Leo haifiki 1. Anayetaka kuiona aanze kupanga sasa, ila kwenye ratiba ya kupanda aongeze siku mbili.