Kombi ya Marehemu Baba na Kutu ya Seeb

Mnunuzi wa vyuma chakavu alitwambia riali 40, tena akasema hizo ni kwa heshima ya marehemu. Aliizunguka Kombi mara moja, akaipiga teke chini ya mlango, na ncha ya kiatu chake ikazama ndani. Akacheka, akauchomoa mguu, akaenda kusubiri jibu nje.

Tulikuwa tunaiuza nyumba ya baba ya Seeb, hatua chache tu kutoka baharini. Kila kitu kilikwishagawanywa, imebaki Kombi uani. Ni Volkswagen ya mwaka 1974, ile ya kulala: kitanda nyuma, kabati, jiko dogo la gesi na paa la kuinua. Baba aliinunua mwaka 1981 kwa mhandisi wa Kijerumani aliyekuwa anarudi kwao. Ndiyo iliyotupeleka Salalah wakati wa kharif, na ndiyo tuliyolala ndani yake kule Ras al Hadd tukingoja kasa wapande pwani kutaga mayai.

"Naichukua mimi," nikasema. "Nikatieni riali 40 kwenye fungu langu."

Hesabu ikapigwa palepale. Mama thumuni yake riali 5, kaka 14, mimi 14, dada 7. Kaka akasema, "Unanunua kutu." Mama akasema yeye hataki riali 5, anataka kiti cha mbele.

Hapo nikafanya kosa ambalo nalisimulia ili wewe msomaji usilifanye. Niliipeleka gereji moja ya sanaiya, nikalipa riali 350, na baada ya wiki mbili nikarudishiwa gari inayong'aa kama sahani ya harusi. Picha nikawatumia watu mpaka London. Ukaja Julai na unyevu wake, na kufika Septemba rangi imefura malengelenge. Nikachukua sumaku kwenye friji, ile mke wangu anayobandikia karatasi za skuli, nikaiweka chini ya mlango. Ikaanguka. Nikaiweka juu ya gurudumu la nyuma. Ikaanguka tena. Sumaku haishiki puti. Nilikuwa na gari ya puti iliyopakwa rangi.

Fundi wa pili alikuwa mzee kutoka Kerala, mchache wa maneno. Alilala chini ya gari nusu saa nzima akigongagonga kwa bisibisi, na kila inapotoboka anaweka alama ya chaki. Alipotoka akanieleza jambo ambalo mpaka leo naona ndilo kiini cha kazi yote. Land Cruiser ina chasisi yake peke yake, bodi imekalia juu. Kombi siyo hivyo. Mihimili ya chini, sakafu na mbavu za chini ya milango vimechomelewa pamoja, ndivyo vinavyoibeba gari. Zile mbavu zina tabaka tatu za bati, na sisi tunaliona la nje tu. La kati na la ndani zinaweza kuwa zimekwisha huku nje kunapendeza. Kwa hiyo kutu ya Kombi ni ugonjwa wa mifupa, na mimi nilikuwa nimelipia dawa ya ngozi.

Na kutu ilitoka wapi? Maji huingia chini ya mpira wa kioo cha mbele ukizeeka, huteremka mpaka kwenye zile mbavu, na vitundu vya kuyatolea nje vimezibwa na mchanga. Lakini kilichoniuma zaidi ni turubai. Baba alipoacha kuiendesha aliifunika turubai kubwa na kuifunga kamba kila upande, na kila Ijumaa baada ya sala akiikaza upya. Alidhani anaikinga. Kumbe alikuwa anaufungia ndani unyevu wa bahari, na chumvi yake, miaka ishirini na zaidi.

Kazi ilichukua miezi kumi na minne, Ijumaa kwa Ijumaa. Betri ikatolewa, tangi la petroli likashushwa, maana cheche na mvuke wa petroli havikai pamoja. Kabla ya kukata popote, fundi alichomelea vyuma vya kuitegemeza katika uwazi wa milango. Ukikata mbavu bila ya tegemeo, bodi inalegea katikati, na mlango hautafunga tena. Kisha tukakata mpaka tufike kwenye bati safi. Palipokuwa na tundu la kiganja pakawa na urefu wa mkono, halafu ubavu mzima. Bati jipya la milimita moja likachomelewa nukta kwa nukta, hapa kidogo, pale kidogo, lisije likajikunja kwa moto.

Mke wangu akaiita Kombi mke mwenza. Sikuwa na la kujibu. Pesa za kubadilisha jiko lake ndizo zilizonunua mabati ya nje kutoka Ujerumani.

Nilifika pahala pa kukata tamaa siku tulipoufungua ubavu wa kulia. Sakafu haikuwepo, naiona ardhi. Ukamwagika mchanga, na ndani ya mchanga kokwa za tende, nyingi, kavu kama mawe. Nikazijua. Mimi na kaka tulikuwa tukila tende safarini na kuzitumbukiza kokwa kwenye tundu la hita, baba asione uchafu. Nikampelekea kaka picha, bila ya neno. Ijumaa iliyofuata alikuja na kanzu yake nyeupe, akasema anapita tu. Ijumaa ya pili alikuja na nguo za kazi.

Injini haina hadithi ndefu. Iko nyuma, inapozwa kwa upepo, haina rejeta ya kuvuja. Tulimimina oili kwenye silinda, tukangoja wiki, ikazunguka kwa mkono. Ndani ya mbavu tukapuliza nta ya kuzuia kutu, na vitundu vya maji tukaviacha wazi. Ukaguzi tulianguka mara moja kwa breki ya mkono, mara ya pili tukapata mulkia. Jumla riali 2,300, mbali na zile 350 zilizokwenda na puti.

Mama alipanda mbele, akalalamika kuwa kiti ni kigumu kuliko zamani, akataka tupite pwani ya Seeb polepole watu waione. Kaka alikaa nyuma kwenye kabati.

Sasa inalala chini ya banda lisilo na kuta, upepo unapita. Turubai nimempa jirani kwa ajili ya mbuzi wake. Na juzi kaka kaniletea bahasha yenye riali 14, anataka fungu lake lirudi. Nimemwambia bei imepanda.