Ramani ya Kumbukumbu: Makabidhiano Yanayofanyika Kompyuta Inapowashwa

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huo ulikusudiwa wafanyabiashara, lakini unafaa pia kueleza jambo linalotendeka ndani ya kompyuta kila inapowashwa. Katika sekunde chache za mwanzo, kumbukumbu ya mashine hutoka mikononi mwa mtunzaji mmoja na kukabidhiwa kwa mwingine. Makabidhiano hayo yakifanywa bila daftari sahihi, mashine hukwama. Au, vibaya zaidi, huendelea kufanya kazi huku ikiharibu kimyakimya yale iliyokabidhiwa kuyahifadhi.

Mtunzaji wa kwanza

Prosesa inapopata umeme haina amri yoyote ya kufuata, kwani kumbukumbu kuu husahau kila kitu umeme unapokatika. Kwa sababu hiyo prosesa huundwa ili ianze kusoma amri katika anwani moja isiyobadilika. Katika prosesa ya Intel 8088, iliyotumika katika kompyuta ya IBM PC ya mwaka 1981, anwani hiyo ilikuwa baiti 16 tu kabla ya mwisho wa megabaiti moja ambayo prosesa hiyo iliweza kuifikia. Hapo palikuwa na chipu yenye programu isiyofutika umeme unapozimwa, nayo huitwa programu ya kudumu. Ndiyo inayokagua kumbukumbu, inayoamsha kibodi, skrini na diski, na hatimaye inayoleta kiini cha mfumo endeshi, yaani ile sehemu itakayoitawala mashine yote.

Katika IBM PC mipaka ilikuwa rahisi. Kilobaiti 640 za kwanza zilikuwa za kumbukumbu ya kawaida, na 384 zilizobaki zilitengewa skrini, vifaa vingine na programu ya kudumu. Kadiri kumbukumbu ilivyoongezeka, mipaka ikawa mingi na ikatofautiana kutoka mashine moja hadi nyingine. Ikawa lazima programu ya kudumu itoe orodha iliyoandikwa. Utaratibu unaotumika katika kompyuta nyingi leo huitwa UEFI. Ulitokana na kazi ya kampuni ya Intel, na tangu mwaka 2005 umesimamiwa na jumuiya ya makampuni kadhaa.

Daftari lenyewe

Kumbukumbu hugawanywa katika kurasa zenye baiti 4,096 kila mmoja. Kompyuta yenye gigabaiti 4 ina kurasa 1,048,576. Daftari haliorodheshi kurasa hizo moja moja, bali huzitaja kwa mafungu: fungu linaanzia wapi, lina kurasa ngapi, na ni la aina gani.

Ili kuzielewa aina hizo, msomaji na afikirie mtu aliyenunua shamba. Sehemu moja ni tupu, naye aweza kulima mara moja. Sehemu ya pili ina mihogo ya mwenye shamba wa zamani, nayo itakuwa huru akishavuna. Sehemu ya tatu ina kisima ambacho mwenye zamani amebaki nacho kwa mapatano. Sehemu ya nne ni njia ya watu wote, isiyolimika kabisa. Vivyo hivyo, kuna kurasa zilizo huru. Kuna zile ambazo programu ya kudumu ilizitumia wakati wa kuamsha mashine tu. Kuna zile inazoendelea kuzihitaji hadi mashine izimwe. Na kuna anwani ambazo si kumbukumbu, bali ni milango ya kuzungumzia na vifaa. Kiini kikiandika hesabu zake juu ya kisima au njiani, madhara yake hayawezi kutabirika.

Saa ya makabidhiano

Kuna ugumu mmoja wa ajabu: kuliomba daftari kwaweza kulibadilisha. Kiini kinahitaji nafasi ya kuwekea nakala, na kutenga nafasi ni kuhamisha kurasa kutoka fungu huru kwenda fungu linalotumika. Fungu moja likipasuka kuwa mawili, orodha hurefuka, na nafasi iliyotengwa haitoshi tena. Kwa hiyo waandishi wa viini hutenga nafasi yenye ziada.

Aidha, baada ya nakala kutolewa, programu ya kudumu yaweza bado kuchukua kurasa kwa shughuli zake. Kwa hiyo kila nakala hutolewa pamoja na namba ya utambulisho. Kiini kinapotangaza kwamba sasa kinachukua utawala, hurudisha namba hiyo. Ikiwa daftari limebadilika, namba hazilingani na tangazo hukataliwa. Hapo kiini hulazimika kuchukua nakala mpya na kujaribu tena.

Jirani asiyehama

Baada ya makabidhiano programu ya kudumu haiondoki kabisa. Huendelea kutoa huduma chache, kama vile kusoma saa ya mashine, kuhifadhi mpangilio wa kuwashia, na kuiwasha mashine upya. Lakini yenyewe ilizoea anwani halisi za kumbukumbu, ilhali kiini hutumia anwani dhahania, ambazo prosesa huzifasiri kwa kutumia majedwali. Kwa hiyo kiini chaweza kuyapa mafungu ya jirani huyo anwani mpya na kumwarifu, naye husahihisha marejeo yake yote. Kanuni za UEFI huruhusu taarifa hiyo itolewe mara moja tu tangu mashine iwashwe.

Sharti hilo lina uzito. Mfumo wa Linux huweza kuanzisha kiini kingine bila kuiwasha mashine upya, kwa mfano ili kuhifadhi ushahidi baada ya kiini cha kwanza kuanguka. Kiini cha pili hakiwezi kutoa taarifa tena. Lazima kirithi anwani zilizokwisha kuwekwa. Ndiyo sababu Linux toleo la 3.14, la mwaka 2014, iliyatengea mafungu hayo eneo maalumu la anwani.

Majirani wengine hawatimizi ahadi. Ilionekana kwamba katika baadhi ya mashine programu ya kudumu, ilipopokea anwani mpya, iligusa tena kurasa ilizopaswa kuwa imeziacha, mfano wa mwenye shamba wa zamani anayerudi kuchukua jembe alilolisahau. Tangu mwaka 2011 Linux huzihifadhi kurasa hizo mpaka taarifa ya anwani itolewe, ndipo huzihesabu kuwa huru.

Zoezi la darasani

Shule yenye kompyuta ya Linux yaweza kuliona daftari hili kwa amri ya dmesg, ambayo huenda ikahitaji ruhusa ya msimamizi wa mashine. Mistari ya mwanzo huonyesha mwanzo na mwisho wa kila fungu katika namba za mfumo wa kumi na sita, ambamo herufi a hadi f husimama badala ya 10 hadi 15. Katika mashine nyingi zenye programu ya kudumu ya mtindo wa zamani, fungu huru la kwanza huanzia 0 na kuishia 9fbff. Wanafunzi wakikokotoa watapata baiti 654,336, yaani kilobaiti 639 badala ya 640. Kilobaiti moja iliyopungua haikupotea: programu ya kudumu imejiwekea, na daftari limesema hivyo.