Mbunge wa upinzani kazi yake ni kuuliza

Ukikaa kwenye baraza lolote la kahawa hapa Pwani, iwe ni Kibokoni, Malindi au Lamu, mazungumzo yakifika kwa mbunge utasikia mizani ile ile. Huyu hupatikana, yule hapatikani. Huyu alikuja mazikoni, yule alituma mtu. Huyu ametoa basari, yule kazi yake ni kelele za Nairobi. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza: mbunge wetu ameihoji wizara gani mwaka huu, na alijibiwa nini?

Nalisema hili kwa sababu sehemu kubwa ya Pwani imekuwa ngome ya upinzani kwa chaguzi kadhaa. Mwaka 2013, 2017 na 2022 tulipanga foleni tangu alfajiri kuchagua watu wa kwenda kuikabili serikali. Lakini hatukuwahi kukaa tukaelezana kuikabili huko maana yake ni nini hasa. Sasa mstari baina ya serikali na upinzani umefifia, na naona ni wakati wa kuelezana, kabla hatujaombwa kura tena 2027.

Katiba yasemaje

Kifungu cha 95 cha Katiba ya 2010 kinalipa Bunge la Kitaifa kazi kadhaa. Kutunga sheria ni moja, na kugawa pesa za taifa ni nyingine. Kisha iko ile tunayoisahau: kusimamia jinsi mapato ya taifa yanavyotumika, na kuchunguza mwenendo wa Rais, naibu wake na maafisa wengine wa serikali. Basari, mchango wa mazishi na harambee hazimo.

Kifungu hicho hakimtaji mbunge wa upinzani peke yake. Wabunge wote wamekabidhiwa kazi hiyo. Lakini binadamu ni binadamu. Mbunge wa chama tawala anayengojea barabara au cheo atamkalia vipi kooni waziri wa upande wake? Ndiyo maana duniani kote mzigo wa kuuliza humwangukia yule asiye na la kupoteza serikalini.

Silaha zake kuu ni tatu: swali, kamati na hoja.

Swali ndilo jepesi. Tangu Katiba mpya, mawaziri wetu si wabunge, kwa hivyo kwa miaka mingi waliitwa kwenye kamati tu. Katika Bunge la sasa wanaitwa hadi ukumbini, wakasimama mbele ya wabunge wote na kujibu. Jibu la waziri huandikwa katika Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za Bunge, na haliwezi kufutwa kesho akasema alinukuliwa vibaya. Mbunge akiuliza kwa nini hati za mashamba ya eneo lake hazijatolewa na waziri akataja tarehe, tarehe hiyo imekuwa deni.

Kazi ya kamati

Kazi nzito hufanyika kwenye vyumba vya kamati, ambako mara nyingi hakuna kamera wala makofi. Kila mwaka wa fedha ukiisha, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hupewa miezi sita kukagua vitabu na kutoa ripoti. Anaangalia kama pesa zilitumika kihalali na kama zilileta faida iliyokusudiwa. Katiba inasema Bunge, likishapokea ripoti, liijadili na kuchukua hatua ndani ya miezi mitatu.

Ripoti za wizara huenda kwenye Kamati ya Uhasibu wa Umma, maarufu kama PAC. Za mashirika ya serikali huenda kwenye kamati za Uwekezaji wa Umma, PIC. Hapo huitwa Katibu wa Wizara au mkuu wa shirika, aje na stakabadhi. Mkaguzi anasema malipo fulani hayana risiti. Risiti iko wapi? Mradi umelipwa wote lakini jengo limefika madirishani. Mkandarasi yuko wapi? Kifungu cha 125 kinaipa kamati nguvu kama za Mahakama Kuu za kumwita shahidi na kumlazimisha kufika.

Ni kwa sababu hii mwenyekiti wa PAC hutoka upande usiounda serikali. Mwenye mali hakagui mali yake mwenyewe. Na sisi wa Pwani tunaijua kazi hii kwa karibu kuliko tunavyodhani. Abdulswamad Nassir, gavana wa Mombasa wa sasa, alipokuwa mbunge wa Mvita aliongoza PIC katika Bunge lililopita. Mashirika ya umma, Halmashauri ya Bandari ikiwemo, yalikuwa yakipita mbele ya kamati hiyo. Leo kiti kimegeuka: yeye ndiye gavana, na maseneta ndio wenye zamu ya kumuuliza kuhusu hesabu za kaunti. Hakuna ubaya hapo. Ndivyo mambo yanavyotakiwa kuwa, kila mshika fungu awe na wa kumuuliza.

Kamati zina udhaifu wake. Ripoti hurundikana, na mara nyingi zinazojadiliwa ni za miaka iliyopita, wakati aliyetia saini keshahamishwa au keshastaafu. Tena kamati haifungi mtu. Inapendekeza tu, kisha wapelelezi na waendesha mashtaka ndio wenye kuamua. Kwa hivyo mbunge anayetaka matokeo lazima awe na subira ya mvuvi. Atupe ndoana leo, arudi kesho, na asikubali kuambiwa "tunalishughulikia".

Hoja ya mbolea

Silaha ya tatu ni hoja, na mfano mzuri ni wa 2024. Msimu wa kupanda ulipoanza, wakulima walilalamika kuwa mbolea ya ruzuku waliyouziwa ni ghushi, na uchunguzi wa wanahabari ukaanika mambo. Jack Wamboka, mbunge wa Bumula kutoka upande wa upinzani, aliandika hoja ya kutaka Waziri wa Kilimo wakati huo, Mithika Linturi, aondolewe.

Katiba imeweka ngazi katika jambo hili, kwenye kifungu cha 152. Kwanza, hoja iungwe mkono na angalau robo ya wabunge wote. Kwa kuwa Bunge la Kitaifa lina wabunge 349 ukimtoa Spika, hiyo ni sahihi 88. Pili, theluthi moja waipigie kura ya ndiyo. Tatu, iundwe kamati ya wabunge 11 ichunguze kwa siku 10, na waziri apewe nafasi ya kujitetea. Kamati ikiona madai yana msingi ndipo Bunge zima hupiga kura ya mwisho.

Wamboka alipanda ngazi ya kwanza, akapanda ya pili. Mei 2, 2024 wabunge 149 waliiunga mkono hoja, wakiwemo wengine wa upande wa serikali, maana mbolea haina chama. Kwenye ngazi ya tatu ikakwama. Kamati ilipiga kura, saba wakasema madai hayakuthibitishwa, wanne wakakataa. Hoja ikafia hapo na waziri akabaki ofisini. Kisheria aliondolewa lawama, na lazima tuliseme hilo kwa haki.

Je, kazi ya Wamboka ilipotea bure? Mimi naona la. Kwa majuma mawili nchi nzima ilisikia ushahidi hadharani, maafisa wakajieleza, na mkulima wa kawaida akaona kuna mtu aliyeshika suala lake akalifikisha mahali pa kujibiwa. Julai mwaka huo, Rais alipovunja baraza la mawaziri baada ya maandamano ya vijana, Linturi hakurudi. Sisemi hoja ile ndiyo iliyomwondoa. Nasema swali lililoulizwa vizuri halizikwi siku moja na kura.

Upinzani usitarajie kushinda kura. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipopigiwa kura ya mwisho Juni 25, waliounga mkono walikuwa 195 na waliopinga 106. Hesabu za Bunge hupangwa na wenye wingi. Lakini majina ya wale 195 na wale 106 yaliandikwa, na wananchi waliyasoma moja baada ya jingine. Siku iliyofuata Rais alikataa kuutia saini mswada huo. Waliosukuma zaidi walikuwa vijana mabarabarani, na wengine wao walilipa kwa maisha. Bungeni, kumbukumbu ya nani alisema nini ndiyo iliyowapa wananchi pa kuanzia.

Muulizaji akihamia kwa muulizwa

Hapa ndipo penye jambo linalonikosesha raha. Agosti 2024 viongozi wa ODM waliingia katika baraza jipya la mawaziri. John Mbadi, aliyekuwa mwenyekiti wa PAC, akawa Waziri wa Fedha. Opiyo Wandayi, aliyeongoza PAC katika Bunge lililopita na kisha akawa kiongozi wa wachache, akawa Waziri wa Kawi. Na ndugu yetu Hassan Joho, gavana wa kwanza wa Mombasa, akakabidhiwa Madini na Uchumi wa Baharini. Machi 7, 2025 ODM na UDA zikatia saini makubaliano ya kufanya kazi pamoja.

Kuna wanaosema, na wana hoja, kwamba Pwani imekaa nje ya serikali muda mrefu na haikupata kitu. Mtoto wa kwetu akiwa mezani, angalau tutapata sahani. Tumeona bahari yetu ikivuliwa na meli za wageni na madini ya Kwale yakichimbwa. Kwa nini waziri wa mambo hayo asiwe mmoja wetu? Silibezi wazo hilo. Waziri akifanya kazi yake vyema, mimi nitakuwa wa kwanza kumpongeza.

Lakini uwaziri ni kazi nyingine. Waziri hutekeleza, mbunge huuliza. Chama kikiwa na watu mezani, wabunge wake waliobaki bungeni watamuuliza nani? Kiti cha mwenyekiti wa PAC bado kinakaliwa na mtu anayehesabiwa kuwa wa upande wa wachache, kwa karatasi. Kwa moyo je? Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na serikali isiyoulizwa ni mgema anayesifiwa kila asubuhi.

Kadhia hii tayari tuliionja kwa njia nyingine. Mbunge anasimamia pia NG-CDF katika eneo lake, yaani mwenye kukagua matumizi ya serikali naye ana mfuko wa kutumia. Septemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kuwa sheria ya mfuko huo inakwenda kinyume na Katiba. Wengi wetu tulikasirika kwa sababu ya basari za watoto, na hasira hiyo naielewa. Lakini hoja ni ile ile: huwezi kuwa refa na mchezaji.

Tufanye nini

La kwanza, tubadilishe mizani ya barazani. Mbunge akija, tumuulize mambo matatu. Umeuliza swali gani kuhusu sisi, na waziri alijibu nini? Uko kwenye kamati gani, na huhudhuria? Mswada ule ulipigaje kura? Majibu yote yamo kwenye kumbukumbu za Bunge, hayana siri.

La pili, tusingoje wao peke yao. Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi rasmi Bungeni, na cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali. Mikataba ya reli ya SGR ya 2014 ilibaki siri kwa miaka. Hatimaye wanaharakati wa Okoa Mombasa walikwenda mahakamani hapa Mombasa, na Mei 2022 Mahakama Kuu ikaamuru itolewe. Novemba mwaka huo sehemu ya mikataba ikatangazwa. Reli ambayo imehamisha mizigo na ajira za watu wetu, tulikuja kuisoma mikataba yake kupitia kesi, wakati Bunge lilikuwepo muda wote.

La tatu, 2027 wakija watasema wameleta hiki na kile. Tuwasikilize. Kisha tuulize pia walichokizuia, walichokifichua na walichokifuatilia hadi mwisho. Anayetuomba kura huku hajawahi kumuuliza waziri hata swali moja, na awe wa chama chochote, atakuwa anaomba mshahara wa kazi ambayo hajaifanya. Kuuliza si ujinga, walisema wazee. Kwa mbunge, kuuliza ndiyo ajira yenyewe.