Dakika Moja Bila Kifuniko

Ukiingia Kamukunji, Nairobi, kelele za mabati hukulaki kabla hujamwona mtu. Mafundi wa jua kali wamekaa bega kwa bega, wanaunda masanduku ya wanafunzi, majiko na toroli, nyundo hii ikijibu ile. Mmoja amevaa vifuniko vya masikio. Mteja anapofika, fundi anasogeza kimoja nyuma ya sikio wapatane bei. Jirani yake hajaacha kugonga.

Ndani kabisa ya sikio mna koklea, iliyojiviringa kama kombe la konokono, ukubwa wake kama punje ya njegere. Humo mna seli zipatazo 15,000 zenye vinywele, nazo ndizo zinazogeuza mtikisiko kuwa habari ya kupelekwa kwenye ubongo. Kelele kali huzilaza kama upepo unavyolaza mpunga. Nyingine huinuka, ndiyo maana masikio yanayolia nziii jioni hutulia asubuhi. Zikilazwa kila siku, hufa. Mwaka 1988 wanasayansi walionyesha kwamba vifaranga vya kuku na kware walioumizwa na kelele huotesha seli mpya. Binadamu haotesi. Seli za sauti nyembamba hutangulia kufa, kwa hiyo fundi mkongwe husikia kwamba unaongea, ila hajui umesema "saa" au "taa". Nyumbani humwona mpuuzaji, na hilo huniuma.

Sasa turudi kwenye kile kifuniko kilichosogezwa. Desibeli, kipimo cha ukali wa sauti, hazihesabiwi kama shilingi: zikiongezeka 3 tu, nguvu ya sauti imekuwa maradufu. Kifuniko kinachopunguza desibeli 30 hulipitishia sikio sehemu 1 tu kati ya 1,000. Ligeuze hilo uone. Dakika 1 bila kifuniko humwaga sikioni kelele ya dakika 1,000 ukiwa umekivaa, yaani zaidi ya saa 16! Anayekivua saa 1 katika zamu ya saa 8, kinga yake ya desibeli 30 imeshuka hadi 9 hivi.

Ndiyo maana sikubali wafanyakazi waitwe wakaidi. Kifuniko kinachotokosa masikio kwa joto, kinachomzuia mtu asisikie onyo la mwenzake, kitavuliwa tu. Bora chepesi kinachokaa siku nzima kuliko cha bei kinachoning'inia shingoni. Mwajiri awaulize wanaovaa kabla ya kununua.

Wengine huziba kwa pamba. Tunasema mkaidi ametia pamba masikioni, lakini pamba kavu huzuia kelele kidogo mno. Vizibo vya sponji vinafaa zaidi, vikivaliwa sawasawa: kiviringe kizibo kwa vidole safi hadi kiwe chembamba, pitisha mkono wa pili juu ya kichwa uvute sikio juu na nyuma, kisukume ndani, kisha kishikilie mpaka kifure. Halafu sema neno. Kikikaa vizuri, sauti yako mwenyewe itakujia nzito, kama ya mtu aliye ndani ya pipa.