Baada ya Upasuaji: Kumfundisha Kusema Mtoto Aliyepandikizwa Kifaa cha Usikivu

Mwezi Juni 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza vifaa vya usikivu. Kabla ya hapo, watoto wa Tanzania waliohitaji tiba hiyo walipelekwa nje ya nchi, hasa India. Hata hivyo, kwa familia ya Ziwani, mkoani Mtwara, safari ya Dar es Salaam bado inazidi kilomita 500. Familia ikisharudi nyumbani, ni rahisi kudhani kwamba kazi imekwisha, ilhali kazi ya kumfundisha mtoto kusema ndiyo kwanza inaanza.

Kifaa hiki hakikuzi sauti kama vifaa vya kawaida vya kusaidia kusikia. Sehemu ya nje hunasa sauti na kuipeleka kwenye sehemu iliyo chini ya ngozi, nayo huusisimua mshipa wa fahamu wa kusikia kwa umeme mdogo kupitia koklea, yaani sehemu ya sikio la ndani yenye umbo la konokono. Huwashwa wiki chache baada ya upasuaji, kidonda kikishapona. Sauti za mwanzo ni ngeni, na ubongo hauna budi kujifunza maana yake.

Kwa sababu hiyo wataalamu huzungumzia umri wa kusikia. Mtoto wa miaka mitatu ambaye kifaa chake kiliwashwa miezi sita iliyopita ana umri wa kusikia wa miezi sita. Asilinganishwe na wenzake wa rika lake. Kwanza hutambua kuwa pana sauti, kisha huzitofautisha, huzielewa, na hatimaye husema. Ubongo hupokea lugha kwa wepesi zaidi katika miaka michache ya mwanzo. Kwa hiyo kila mwezi unaopotea una gharama.

Kila asubuhi mzazi akae kando ya mtoto, afiche mdomo bila kuizuia sauti, kisha atamke sauti sita zilizopendekezwa na mtaalamu Daniel Ling: a, u, i, m, s na sh. Kila aisikiapo sauti, mtoto mdogo hugeuka. Mkubwa kidogo aweza kutumbukiza kokoto bakulini. Sauti aliyoizoea asipoisikia, betri na kifaa vikaguliwe.

Somo lenyewe limo katika shughuli za nyumbani. Mama anayekuna nazi aseme: “Nakuna nazi. Nazi iko wapi? Hii hapa nazi.” Mtoto asikie neno kwanza, ndipo aonyeshwe kitu, kisha mama anyamaze kidogo, ampe nafasi ya kujibu. Jiwe likitupwa majini, “chubwi!” ni neno jema la kuanzia. Silabi nyingi za Kiswahili huishia na irabu, ambazo husikika vizuri, lakini m ya mwanzo katika “mkono” au “mtoto” ni hafifu. Mtoto akisema “kono”, asikemewe, aitikiwe: “Naam, mkono. Mkono wako.” Familia inayozungumza Kimakonde iendelee nacho, kwani mtoto hujifunza vyema kwa lugha ambayo wazazi wanaimudu.

Kifaa kivaliwe muda wote mtoto awapo macho, isipokuwa wakati wa kuoga au kuogelea. Pwani ina chumvi, mchanga na unyevu: sehemu ya nje ifutwe kwa kitambaa kikavu na usiku ihifadhiwe katika chombo kilichofungwa chenye dawa ya kukausha unyevu.

Wahudumu wa zahanati nao wana wajibu mkubwa. Mtoto aliyepandikizwa kifaa yumo katika hatari kubwa zaidi ya homa ya uti wa mgongo. Chanjo ya nimonia ikamilishwe, na homa yenye kutapika au shingo kukakamaa ipelekwe hospitali mara moja. Asifanyiwe kipimo cha MRI kabla ya kuwasiliana na kituo kilichompandikiza. Aidha, mtoto yeyote aliyeugua homa hiyo apimwe usikivu mapema, kwani koklea huweza kujaa mfupa na kuufanya upandikizaji uwe mgumu au usiwezekane.

Wazazi wasiogope Lugha ya Alama ya Tanzania. Kifaa kikivuliwa, mtoto hubaki kiziwi, na matokeo ya usemi hutofautiana kati ya mtoto na mtoto. Alama humpa njia ya kueleza njaa, maumivu na furaha huku usemi ukiendelea kukua.

Hivyo, familia inapofika kliniki, mhudumu asianze kwa kuuliza iwapo mtoto amekwisha kusema. Aulize kwanza: “Jana alikivaa kwa saa ngapi, na mlizungumza naye kuhusu nini?”